Tovuti moja kwa kikundi kizima cha utafiti wa tiba: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Lubumbashi

Maswali yanayoletwa ni yale yale kila mwaka wa masomo. Asistanti ametumwa na profesa wake atafute mtu wa kuwatengenezea tovuti, naye anafika na karatasi yenye maswali matatu: itagharimu pesa ngapi, itachukua wiki ngapi, na je, inaweza kufanana na ile ya chuo fulani cha Ulaya? Nani atashika nywila siku asistanti huyo akipata masomo ya nje na kuondoka, hilo halimo kwenye karatasi. Wala halimo swali la orodha za machapisho za timu nne, ambazo kila moja ina ukurasa wake wa Facebook na hesabu yake ya makala. Nimeandika mwongozo huu ili atakayetumwa tena aje ameshajibu hayo, au asije kabisa, ajenge mwenyewe.

Unakuhusu ikiwa unatumia kompyuta kwa kazi za kawaida, si mwanaprogramu, na uko katika kikundi cha utafiti cha fakulti ya tiba au shule ya afya ya umma. Mifano ni ya Lubumbashi: umeme wa SNEL hukatika bila kuaga, mega (data za intaneti) hununuliwa kidogo kidogo, na wasomaji wengi wataifungua tovuti yenu kwa simu.

Nadharia ni hii tu. Tovuti imeunganika pale ambapo kila mtu, kila mradi na kila makala imeandikwa mahali pamoja, na kurasa nyingine zote zinachota hapo. Asistanti akipanda kuwa shefu wa kazi, unabadilisha sehemu moja na cheo kinabadilika kote. Ukijikuta unaandika jina lile lile kwenye kurasa tatu, simama, kwa maana baada ya mwaka mmoja kurasa hizo tatu zitakuwa zinapingana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya mkuu wa kikundi, hata iwe ya mistari mitano, inayosema kwamba umepewa kazi hii na kila timu ikupe orodha na picha zake. Bila barua hiyo utaambiwa "rudi kesho" hadi muhula uishe.
- Anwani ya barua pepe ya kikundi chenyewe. Isiwe ya mtu.
- Watu wawili wa kushika nywila, na angalau mmoja wao awe mfanyakazi wa kudumu wa chuo.
- Kompyuta yenye betri nzuri, na programu ya XAMPP, ambayo ni bure na inakuwezesha kujenga tovuti bila intaneti.
- Akaunti ya Zotero, programu ya kutunza orodha za makala, iliyofunguliwa kwa anwani ya kikundi. Nayo ni bure.
- Kadi ya benki inayokubalika kwa malipo ya nje, au makubaliano na kitengo cha informatiki cha chuo.
- Nembo ya chuo katika faili yake ya asili. Ile iliyokatwa kwenye barua iliyoskaniwa ina kivuli cha mhuri.
- Mtu anayeandika Kiswahili ambacho mama wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa mjini, atakisoma bila kuomba msaada.

Mandhari (sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari) ya kulipia huhitaji. Mpiga picha huhitaji. Programu ya simu ya kikundi huhitaji, hata kama mtu ameshaahidi kuwauzia.

Hatua tano za kwanza hazigusi tovuti yoyote, na ndizo wanaoanza huziruka. Usiziruke.

1. Kusanya vilivyotawanyika

Fungua jedwali lenye safu nne: kitu kiko wapi, nani ana nywila yake, kina nini cha thamani, na kitahamia wapi. Ingiza kila kitu: kurasa za Facebook, blogu ya mradi uliokwisha, ukurasa wa idara kwenye tovuti ya chuo, ukurasa wa mshirika wa Ubelgiji unaowataja, orodha ya makala iliyo ndani ya faili ya Word kwenye kompyuta ya sekretari.

Tovuti za miradi ya ufadhili hufa kwa njia moja. Fedha zikiisha, hakuna anayelipia jina la tovuti mwaka unaofuata, na kazi ya miaka minne inatoweka. Kabla ya kukata tamaa, chukua anwani ya tovuti iliyokufa uiingize kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Mara nyingi utakuta maandishi yamehifadhiwa, pengine na picha. Yanakili yote sasa, uchambuzi utafuata.

2. Pata jina la tovuti na mahali pa kuiweka

Anza kwa kubisha mlango wa kitengo cha informatiki cha chuo. Omba domeni ndogo chini ya domeni ya chuo, ile inayoishia na .ac.cd. Inaonyesha papo hapo mko chini ya chuo gani, na uhai wake hautegemei kadi ya mtu mmoja. Wakikataa, au wakikubali halafu miezi ikapita, nunua domeni yenu. Alama ya .cd ni ya nchi yetu tangu 1997, ilipochukua nafasi ya .zr ya Zaire; .org pia inafaa kwa kikundi cha utafiti. Lipia miaka mitatu au zaidi kwa mkupuo, na mmiliki aandikwe kikundi, kwa anwani ya kikundi.

Kosa la kawaida: domeni kununuliwa na fundi kwa akaunti yake binafsi. Huenda fundi huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini anapata kazi mgodini Kolwezi, anabadilisha namba ya simu, ujumbe wa kukumbusha malipo unaenda kwenye anwani asiyoifungua tena, na jina lenu linachukuliwa na mtu anayeuza viatu.

Kwenye seva, yaani kompyuta itakayobeba tovuti, uliza mambo matatu tu: je, kuna PHP ya toleo la 8 au zaidi pamoja na MySQL au MariaDB? Je, cheti cha usalama cha Let's Encrypt kinajirefusha chenyewe? (Cheti hicho ni bure, ila hakidumu zaidi ya siku 90, kwa hiyo kama hakijirefushi utakuwa na kazi kila msimu.) Je, wanaweka nakala ya akiba, na ukiihitaji unaipataje? Nafasi ya gigabaiti 5 inatosha kikundi kikubwa, mradi hamweki video humo.

Hapa ndipo huulizwa: kwa nini tusibaki Facebook? Bakini, kwa matangazo. Ila anayepima ombi lenu la ufadhili hatateremka kwenye ukurasa wa Facebook miaka mitatu nyuma kutafuta makala, na kila tangazo mnaloweka huko libebe kiungo kinachorudi kwenye tovuti.

3. Chora mpango kwenye karatasi

Sehemu sita zinatosha: Mwanzo, Watu, Miradi, Machapisho, Kwa Washiriki, Mawasiliano. Habari ziwe kwenye ukurasa wa Mwanzo. Ukurasa wa Habari ambao tangazo lake la mwisho ni la kongamano la miaka miwili nyuma unawaambia wageni kwamba kikundi kimekufa.

Timu zenu, iwe ya malaria, ya afya ya uzazi, ya sumu za metali au ya ugonjwa wa SS (selimundu), zisipewe tovuti ndogo ndogo. Kila timu iwe lebo. Mtu ana lebo ya timu, mradi una lebo ya timu, na ukurasa wa timu unakusanya vyenye lebo hiyo. Mtu akiwa katika timu mbili, anapata lebo mbili, na hakuna ugomvi wa "huyu ni wetu".

4. Andaa jedwali la watu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu tovuti nyingi hukwama hapa, na sababu huwa ni cheo.

Ukurasa wa Watu ukiupanga kwa alfabeti tupu, kuna profesa atakayejikuta chini ya asistanti wake, naye hatasema kitu, ila saini yake ya kuidhinisha tovuti haitapatikana. Ukiupanga kwa cheo tupu, wanafunzi wa doktora, ambao ndio wanaokaa maabara usiku, watazikwa chini kabisa. Panga kwa makundi: maprofesa, mashefu wa kazi, maasistanti, wanafunzi wa doktora, wafanyakazi wa maabara na takwimu, na walioondoka. Ndani ya kila kundi fuata alfabeti. Mpelekee mkuu wa kikundi mpango huo kwenye karatasi, autie saini *kabla* ya kujenga. Wauguzi na wakusanya takwimu wasiachwe. Wao ndio waliokwenda nyumba kwa nyumba.

Walioondoka wasifutwe. Makala zao bado ni zenu, na ukurasa wao uendelee kuwapo ukiwa na mwaka walioondoka.

Kisha majina. Tangu sera ya otantisite ya mwaka 1972, iliyotaka majina ya Kiafrika badala ya yale ya ubatizo, wengi wetu tuna jina na postnomu (jina la pili la Kiafrika), na wengi wameongeza prenomu (jina la ubatizo) tena. Fomu za majarida ya kimataifa zina visanduku viwili tu, jina la mtu na jina la ukoo. Mwandishi yule yule huyagawa majina yake matatu kwa namna moja katika makala ya kwanza, kwa namna nyingine katika ya pili, na katika ya tatu postnomu inabaki herufi moja. Ukimtafuta kwenye PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, unakuta watu watatu, na kila mmoja ana theluthi ya kazi yake.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kila mtu achague namna moja ya kuandika jina lake na aishike. Kila mtu ajiandikishe ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo ni bure na inamfuata hata akihama chuo. Na wewe mpe kila mtu kodi fupi ya ndani, yaani alama ya kumtambulisha, kwa mfano mtu-07, utakayoitumia katika hatua ya 6. Kodi haibadiliki hata mtu akiolewa, akipanda cheo au akiongeza prenomu.

Safu za jedwali lako: kodi, jina kama linavyochapishwa, cheo, timu, ORCID, mistari mitatu ya anachokitafiti, faili ya picha. Mistari mitatu, nasisitiza. Ukiomba maelezo ya maisha utaletewa kurasa sita, shule ya msingi ikiwemo.

5. Andaa jedwali la miradi

Kwa kila mradi: jina, kiongozi, washiriki kwa kodi zao, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, mfadhili, namba ya ruhusa ya kamati ya maadili, maeneo ya afya ulikofanyika, na hali yake, unaendelea au umekwisha. Maeneo ya afya yaandikwe kwa namna ile ile kila mara: Mumbunda ni Mumbunda, si mara "ZS Mumbunda" mara "Mumbunda/L'shi", la sivyo kompyuta itahesabu matatu.

Mradi usio na namba ya kamati ya maadili usiingie kwenye tovuti hadi namba hiyo ipatikane. Viongozi wawili watatu watalalamika.

6. Weka machapisho yote kwenye Zotero

Usiandike orodha ya machapisho kwa mkono. Fungua maktaba ya kikundi kwenye Zotero, bonyeza kitufe cha kuongeza kwa kitambulisho, bandika DOI (namba ya kudumu) ya makala, na waandishi, jarida, mwaka na kurasa vinajaa vyenyewe. Makala ya zamani isiyo na DOI, au ripoti iliyochapwa hapa mjini, ndiyo tu utaiandika kwa vidole.

Kila makala ipe lebo: kodi za waandishi walio wenu, kodi ya mradi, timu. Kwenye tovuti, plagini (programu ndogo ya nyongeza) iitwayo Zotpress inasoma maktaba hiyo. Kwenye ukurasa wa mtu-07 unaiambia ionyeshe vyenye lebo mtu-07. Kwenye ukurasa wa mradi, vyenye lebo ya mradi huo. Makala imeingizwa mara moja na inaonekana kila inakostahili, na lile tatizo la majina matatu halikugusi tena kwa sababu hutafuti kwa jina.

Onyo: akaunti ya bure ya Zotero ina megabaiti 300 za kuhifadhi faili. Zinatosha ukiingiza taarifa za makala bila PDF. PDF zenyewe zina kosa jingine: kuzipakia kwenye tovuti kwa sababu "ni makala yetu". Makala yenye leseni ya wazi ya CC BY unaweza kuiweka kwa kutaja chanzo. Nyingine nyingi, haki iko kwa mchapishaji, na mara nyingi kinachoruhusiwa ni nakala ya mwandishi iliyokubaliwa kabla ya kupangwa kwa jarida. Soma masharti ya kila jarida. Ukiwa na shaka, weka kiungo cha DOI kinachoanza na doi.org na uishie hapo. Kiungo hicho hakivunjiki jarida likihamisha tovuti yake.

7. Jenga kwenye kompyuta yako

Sasa washa XAMPP, pakua WordPress, programu ya kujengea tovuti, mara moja, na ujenge bila kuchoma mega. Umeme ukikatika, betri inakubeba.

Wapo watakaokushauri Hugo, ambayo hutoa kurasa tupu zisizo na hifadhidata, nyepesi na ngumu kudukuliwa. Ni kweli. Lakini kikundi chenye mtu mmoja tu anayeijua Hugo kina tovuti itakayoganda siku mtu huyo akipata kazi nyingine. WordPress sekretari ataijifunza kwa asubuhi moja. Kwangu hilo linatosha.

Plagini ziwe chache:

- Advanced Custom Fields, kwa kuunda aina mbili za kurasa, Mtu na Mradi, pamoja na visanduku vyake kulingana na majedwali yako. Kisanduku cha uhusiano kiwekwe cha pande mbili: ukimtaja mtu kwenye mradi, mradi unaonekana kwenye ukurasa wake.
- Zotpress.
- Polylang, kwa lugha.
- UpdraftPlus, kwa nakala za akiba.
- Redirection, utakayoihitaji katika hatua ya 10.

Kuna mahali pamoja ambapo utamhitaji mwanaprogramu: kuandika violezo viwili vinavyoonyesha visanduku vya Mtu na vya Mradi kwa mpangilio mzuri. Ni kazi ndogo. Mwambie aviweke ndani ya mandhari-mtoto, isije mandhari ikasasishwa na kazi yake ikafutika. Akitaka kuongeza plagini kumi zaidi, mwulize kila moja itasasishwa na nani.

Lugha: Kifaransa kwa kurasa zote, kwa kuwa ndicho cha fakulti. Kiingereza kwa Mwanzo na Miradi. Kiswahili kwa sehemu ya Washiriki, na hapo Kiswahili ndicho kitangulie. Kutafsiri kila kitu kwa lugha tatu ni ahadi ambayo hakuna kikundi nilichokiona kikiitimiza.

8. Sehemu ya washiriki, na siri zao

Watu wa mji huu wametoa damu, mkojo na nywele zao kwa watafiti, na walio wengi hawakuwahi kurudishiwa jibu. Utafiti uliofanyika Lubumbashi juu ya uchimbaji wa madini na watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili ulitoka mwaka 2020 katika *The Lancet Planetary Health*, kwa Kiingereza. Uliona kwamba kasoro hizo zilihusiana zaidi na kazi ya baba migodini. Baba mchimbaji wa Ruashi angesoma wapi habari hiyo?

Kwa hiyo kila mradi uliokwisha uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye vichwa vinne: tuliuliza nini, tuliona nini, nini bado hatujui, na umwulize nani. Kichwa cha tatu kisirukwe. Kwenye mfano huo wa 2020, kuhusiana kwa mambo mawili hakujathibitisha kwamba moja limeleta jingine kwa kila familia; ukiandika kwa pupa, unamwambia baba fulani kwamba yeye ndiye aliyemdhuru mtoto wake. Mpe muuguzi asome kabla ya kuchapisha, kisha mpe mtu asiye wa afya kabisa.

Namba ya simu iwe ya kikundi, na saa za kupokea zitajwe. Andika waziwazi kwamba ukurasa hautoi matibabu, na mgonjwa aende kituo cha afya kilicho karibu.

Upande wa siri, sheria ipo: Kodi ya Numeriki (mkusanyo wa sheria za kidijitali), ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi za watu, na Azimio la Helsinki la 1964 linamtaka mtafiti alinde siri ya mshiriki. Kwa vitendo ni hivi:

- Hakuna picha ya mgonjwa, hata macho yakifunikwa kwa mstari mweusi. Majirani humtambua mtu kwa kitenge chake.
- Hakuna maelezo yanayoweza kumwonyesha mtu mmoja. "Mama wa miaka 41 wa Katuba aliyejifungua mapacha wenye kasoro mwezi wa tatu" hana jina hapo, lakini mtaa mzima unamjua. Ishia kwenye eneo la afya, usishuke hadi avenyu, na kundi lenye mtu mmoja au wawili liunganishwe na jingine.
- Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kama mlipiga mbele ya nyumba ya mshiriki, mmechapisha anwani yake. Futa taarifa hizo kabla ya kupakia.
- Usipakie faili ya Excel. Safu zilizofichwa hazijafutwa. Mtu hubonyeza mara mbili na majina yote yanatokea. Takwimu zinazoruhusiwa kutoka zihifadhiwe Zenodo, ghala linaloendeshwa na CERN, ambako zitapata DOI, na kamati ya maadili iwe imekubali kwanza.

9. Punguza uzito

Ukurasa mmoja usizidi megabaiti 1. Picha ziwe na upana wa pikseli 1200 na zisizidi kilobaiti 150, kwa JPEG au WebP. Video ziende YouTube. Zile picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa wa Mwanzo ziondoe. Profesa atazidai, mfungulie tovuti kwa simu yake mwenyewe, kwa mega zake mwenyewe, mkiwa kampasi ya Kasapa saa sita mchana.

10. Hamisha, elekeza, fungua

Hamisha kutoka kompyuta kwenda seva kwa plagini ya Duplicator, ukichagua saa ambazo mtandao umetulia, yaani usiku au alfajiri. Hakikisha anwani inaanza na https.

Kisha rudi kwenye jedwali la hatua ya 1. Kila anwani ya zamani mliyo na nywila yake, ielekeze kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa Mwanzo. Aliyekuja kutafuta mradi wa malaria ataona hakuna na ataondoka. Kurasa za Facebook za timu zibandikwe tangazo juu lenye kiungo kipya. Kwa mshirika wa nje, andika barua pepe fupi umwombe abadilishe kiungo.

11. Gawa funguo na zamu

Wasimamizi wawili tu. Kila timu iwe na mhariri mmoja. Wengine wawe wachangiaji, ambao wanaandika lakini hawachapishi. Nywila ndefu, tofauti kwa kila mtu. Nywila moja inayozunguka kwenye WhatsApp ya kikundi haina mwenyewe. Nakala ya akiba kila wiki, ihifadhiwe nje ya seva, na mara moja kwa muhula ijaribuni kuirudisha kwenye XAMPP. Ikikataa kurudi, hamna nakala.

Mambo yakiharibika

*Ukurasa wa mtu au mradi unasema haupatikani, ingawa upo.* Nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, usibadilishe kitu, bonyeza hifadhi. Hutokea kila unapoongeza aina mpya ya kurasa.

*Tovuti yote imekuwa nyeupe baada ya kusasisha.* Plagini mbili zimegombana. Ingia kwenye faili za seva, fungua wp-content, badilisha jina la folda ya plugins. Tovuti ikifunguka, rudisha jina, kisha washa plagini moja moja hadi umwone mkorofi.

*Miezi imepita na Google haituoni.* Katika mipangilio ya usomaji kuna kisanduku cha kuzikataza injini za kutafuta. Wengi hukiweka alama wakati wa kujenga, halafu hukisahau. Kiondoe alama, kisha sajili tovuti kwenye Google Search Console.

*Ujumbe wa fomu ya mawasiliano haufiki.* Seva inatuma barua kwa njia ambayo Gmail inaitilia shaka. Weka plagini ya WP Mail SMTP iunganishwe na barua pepe ya kikundi. Wakati huo huo angalia kwenye taka. Huenda kuna barua ya mfadhili humo.

*Simu inasema tovuti si salama.* Ama cheti kimekwisha muda, ama kuna picha zinazoitwa kwa http ya zamani. La kwanza ni la mwenye seva, la pili ni lako.

*Makala mpya iko Zotero lakini haionekani.* Zotpress hutunza nakala ya mwisho kwa muda. Futa akiba yake. Ikiendelea kugoma, angalia lebo: mtu-7 na mtu-07 ni vitu viwili.

*Picha inakataa kupanda.* Usiombe seva iongeze kikomo. Punguza picha.

*Profesa mmoja bado anataka tovuti yake peke yake.* Mpe anwani fupi yenye jina lake, iliyo rahisi kuandika kwenye kadi ya biashara, inayofungua ukurasa wake ndani ya tovuti hii: picha yake, miradi yake, makala zake zote kwa mpangilio wa miaka. Mwonyeshe mbele ya watu. Mara nyingi huishia hapo. Asiporidhika, rudi kwa mkuu wa kikundi na ile barua ya mistari mitano.